Mama wa Yule Mtawala

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mafiga tu wazima. Dada yangu, yaani bibi yako, ananicheka: miaka thelathini nina mjukuu chuoni! Mtoto wangu anaota meno, kwa hiyo uchovu usiseme.

Umeniuliza kama ni kweli yule mtawala wa kwenye somo lako aliua watu kwa sababu mama yake alimwacha akiwa mchanga. Mimi niliishia kidato cha nne, ila nina aibu moja ya kukusimulia.

Nilikuwa sijaolewa. Shani, mtoto wa jirani, alimng'ata mwenzake uani. Nikawaambia wanawake, kama mjuzi vile, "Ataachaje kung'ata? Mama yake kamwachisha ziwa mapema, kakimbilia Dakawa kupandikiza mpunga." Wakacheka. Kumbe Mama Shani yuko nyuma ya nguo zilizoanikwa. Akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, ulikuwepo?"

Baadaye yule aliyeng'atwa akakiri kwamba yeye ndiye aliyeanza, alimkaba Shani shingo.

Basi na huko kwa mtawala, nani alikuwepo? Aliyoyatenda ukubwani yanajulikana, yaandike yote. Mama yake usimhukumu kwa kukisia, mwanangu.

Siku hizi nami namwacha wangu kwa bibi yako, naenda kazini Kihonda. Mama Shani hupita kila mchana kumbeba, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Bibi yako mdogo,
Mwanahawa