Usiusugue Mbuni wa Nyuma ya Jiko

Mama yangu Anjelina,

Mwakeye! Magoti yanaendeleaje, na mvua huko Rungwe Mpya imeshika? Mwili wangu mzima, moyo ndio mgonjwa. Baridi ya Ubelgiji nimeizoea, si yenyewe inayoniliza. Barua hii naituma kwenye simu ya kaka Zabroni, akusomee yote bila kuruka neno.

Jana alinipigia kutoka Kibondo akicheka. "Bi mkubwa kasugua mibuni yote kwa magunzi! Inang'aa hiyo, utadhani shamba la misheni!" Nikakaa sakafuni.

Mama, nilipouliza kama yale madoa ya kijivu kwenye mibuni bado yapo, sikuwa nikilalamika kwamba shamba limechafuka. Madoa hayo ndiyo kazi iliyonileta huku. Huitwa laikeni. Si ugonjwa, wala hayanyonyi mti. Yanakaa tu juu ya gome. Kile kipande nilichokuja nacho kilikuwa na mistari myeusi myembamba, kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Nikidondoshea dawa, doa linageuka njano, kisha jekundu. Mengine yanayofanana nalo hapa hayafanyi hivyo. Lakini uthibitisho kwamba ni aina mpya umo ndani ya ile mistari: niliikata vipande vyembamba mno, nikatazama mbegu zake kwa hadubini. Nimekata mpaka gome limeisha, na mbegu zote zilikuwa changa. Profesa amesema bila gome jingine lenye mbegu zilizokomaa, hataniombea muda wa kuendelea. Kibali changu cha kukaa huku kinakaribia kwisha. Nitarudi mikono mitupu, na wewe umechuma kahawa peke yako miaka yote hii.

Hata kukukasirikia nashindwa. Nakuona umeinama na magoti yale, ukisugua mbuni mmoja baada ya mwingine, ukidhani mwanao anaona aibu. Hilo ndilo linaloniua.

Nakusihi, zunguka nyuma ya jiko, kwenye ule mbuni wa zamani ulioegemezewa kuni; labda huo hukuufikia. Ondoa kuni taratibu. Ukikuta doa lenye mistari, usiliguse, usilimwagie maji. Zabroni alikate pamoja na gome lake, alifunge kwenye karatasi kavu, alitume upesi. Kama hakuna, asinifiche. Nianze kufunga mizigo.

Nisalimie shangazi Skola anayekuchotea maji, na mchungaji wetu. Mwambie sala zangu zimekauka, anisaidie za kwake.

Mwanao asiyejua kama atabaki,
Yustina