Kaseti ya baritoni wetu

Shoga, nimemfuta. Baritoni wetu, yule mwimbaji wa sauti nzito, nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Ile kaseti tuliyomrekodi tukiwa wafagiaji pale ukumbi wa opera, tumejificha nyuma ya pazia, yeye akifanya mazoezi. Leo nimeipeleka kwa fundi redio aihamishie kwenye simu, mjukuu wangu amsikie kabla sijafa.

Wateja wamejaa. Nikawaambia nyamazeni, sasa mtasikia mwanamume akiimba, sauti inashuka mpaka viti vinatetemeka.

Zikatoka kelele za sufuria. Mimi naosha vyombo, naimba wimbo wake kwa sauti yangu ya kukwaruza, kisha namfokea paka.

Fundi akaniuliza, "Bibi, ndiye huyu?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ni juzi jikoni, shoga, nilipotaka kumsikiliza. Nilibonyeza vitufe viwili badala ya kimoja, cha kuchezea pamoja na cha kurekodi. Viwili. Nikaona kimya, nikadhani betri zimeisha, nikajiimbia mwenyewe.

Na wewe uliniambia tangu siku ile nivunje kile kijino cha mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe tena. Sikukivunja. Niliona nitaharibu kaseti nzima.

Fundi anasema kilichofutwa hakirudi. Mwenyewe marehemu, ukumbi wameubomoa, santuri hakutoa hata moja.

Kimebaki kipande cha mwisho tu. Wimbo umeshakwisha, na sisi wawili tumesahau kwamba tumejificha, tunampigia makofi.