Kwa Baba, Aliyesimama Mlangoni kwa Kinyozi

Mwaka umetimia, Baba, tangu wakuue mlangoni kwa kinyozi. Wenzetu huandika "ulipotutoka". Wewe hukututoka, ulitolewa, na sitapamba maneno mbele yako. Tangazo hili la kumbukumbu limechelewa wiki mbili kwa sababu mimi na Mama hatukuelewana kama mdogo wangu awekwe humu au la.

Watakaosoma wajue ulikuwa nani. Mguu wa kushoto uliuacha vitani, ukarudi kuwa fundi viatu. Kila jozi uliyojishonea ulivaa kimoja tu. Cha kushoto ulikitia sandukuni, ukisema iko siku utampata askari aliyepoteza wa kulia, mgawane. Watoto wa jirani walipoiga unavyotembea, uliwakosoa: "Mnakosea! Mkongojo ndio unatangulia!"

Na bendera ya taifa? Mama alisema hiyo ndiyo mke mwenzake. Kila Jumamosi uliifua mwenyewe, ukaipiga pasi, na ole wake atakayeiacha iguse chini.

Kwa hiyo kinyozi wetu alipoitundika yake juu chini nje ya duka, kwa uchungu wa ndugu yake aliyefungwa kwa kuandika gazetini, ulikuja juu. Ulimfokea mpaka mate yakaruka. "Umeniudhi, mwanangu. Umeniudhi sana!" Kisha ukakaa kwenye kiti, akakunyoa ndevu. Mama alipouliza kwa nini hukuishusha, ukajibu, "Ni yake. Sikuacha mguu kule ili watu waje waogope kitambaa."

Adhuhuri ile waliokuua walikuja kumwadhibu kinyozi kwa bendera yake, wana marungu, mawe na nondo, wakiimba wimbo wa taifa. Walipokuona na medali zako kifuani, walidhani umekuja kuwaongoza. "Mpisheni mzee! Yeye ndiye aanze!" Wakakupisha, mmoja akakupa rungu. Uliliweka chini, ukafika mlangoni, ukawageukia.

"Ameniudhi mimi kuliko nyinyi. Nendeni nyumbani."

Jiwe la kwanza lilikupasua jicho. Ukasimama. La pili lilikuvunja meno. Wakakunyang'anya mkongojo, ukaanguka, wakakukanyaga kifua huku wanaimba. Nondo ilipovunja mguu uliobaki niliusikia mfupa ukilia, kutoka ng'ambo ya barabara nilikokuwa nimeshikwa na wanaume wawili, nikipiga kelele kwamba huyo ni baba yangu. Kinyozi alitoka akakulalia juu. Wakamponda mkono wa mkasi. Nawachukia mpaka leo, wala sioni haya kusema.

Na kati yao nilimwona mdogo wangu, kitinda mimba wako, tuliyemwita Komando kwa utani kwa sababu hata panya alimkimbia. Mkono wake ulikuwa bado juu.

Wodini ulikaa siku tatu. Alipokuja nilimzaba kofi, nikamkamata ukosi wa shati nimtoe nje. Ukafumbua jicho lililobaki. "Mwache aseme," ukaniambia. Alilia tu. Ulimngoja mpaka pumzi yako ikakatika.

Mwaka mzima hakusema. Polisi walipouliza, alidai hakuwepo, nami nikanyamaza kwa ajili ya Mama. Majuzi alileta karatasi, akaomba iwekwe humu. Niliichana. Akaandika nyingine, nayo nikaichana. Ya tatu aliniwekea mapajani, akakaa sakafuni kungoja. Baba, nilitamani kumuua. Lakini hukuniachia ruhusa hiyo. Nimeinakili kama ilivyo:

"Baba, jiwe la kwanza nilirusha mimi. Nililenga kioo cha dirisha. Ulinitazama, ukajua ni mimi. Polisi wakisoma hapa, waje. Nipo nyumbani kwa Mama."

Tunaokukumbuka: mkeo, mimi binti yako, kinyozi, ambaye sasa ananyoa kwa mkono wa kushoto, na mwanao.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.