Yule Nesi Aliyekukaripia

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi za moyoni, zisizopimika kwenye mizani. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na mama, anakula, analala, miguu yake inampeleka bado hadi barazani? Nijibu hayo kabla ya mengine yote, maana barua yako ilijaa habari za marumaru toka mwanzo hadi mwisho, mama ukambanza pale chini kabisa karibu na jina lako.

Mimi sijambo kiasi. Figo zangu ni zile zile, zimegoma na hazina habari ya kurudi kazini. Mara tatu kwa wiki naenda kusafishwa damu, siku zinazobaki nafundisha, na wanafunzi wangu wameshajua kwamba mwalimu akitoka kwenye mashine, kesho yake asichokozwe. Jeuri haijapungua. Hiyo haikuwa kwenye figo.

Sasa tuje kwenye kazi niliyokutuma. Nilikuomba uzitembelee kliniki za figo za huko kwenu, uniambie ni ipi inayofaa kunipokea nikija kumwona mama. Umefunga saluni, umezunguka juani, umeniandikia kila ulichokiona. Ahsante sana, mdogo wangu. Ila msusi ni msusi. Umezikagua zile kliniki kama mtu aliyekwenda kuipeleleza saluni ya mwenzake: viti, vioo, sakafu, nani ananukia nini.

Ile kubwa ya barabarani umeisifu mpaka nikadhani wamekulipa. Viti vya ngozi vinavyolala chali, televisheni kila kiti, binti wa mapokezi mwenye sauti ya asali, wageni wanapewa sofa nyuma ya kioo. Na utulivu. Unasema mashine ikilia, nesi ananyoosha mkono, anabonyeza, kimya, anarudi kwenye mazungumzo yake. Ulilipenda hilo.

Mimi hapo ndipo nilipovua miwani. Ile mashine hailii kwa kujifurahisha. Ikilia ina neno: sindano imesogea, presha ya mtu inashuka, mpira umejikunja. Anayeinyamazisha bila kumtazama mgonjwa usoni ni sawa na mwalimu anayemziba mtoto mdomo bila kumuuliza analilia nini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiyo kliniki yako imejitembeza hadi kwenye mabango.

Unamkumbuka Dereva, yule mzee wa malori niliyekusimulia, tunayekaa viti vya jirani? Alisafiri kwenda kumzika kaka yake. Huko akaingia kliniki ya kwanza aliyoiona karibu na stendi, kwa sababu ilikuwa inang'aa. Alirudi na homa ya kutetemeka, uchafu umeingia kwenye damu, akalazwa mpaka sisi wenzake tukawa hatutaki kukitazama kiti chake. Sasa amerudi, lakini amekonda, mshipa wa mkono umeharibika, anasafishwa kwa mpira wa shingoni. Siku ya kwanza alipoweza kuongea aliniambia, "Mwalimu, gereji usiichague kwa rangi ya geti."

Tangu hapo kifungua mimba wangu hataki kusikia neno safari. Daktari yeye hajakataa. Kasema niende, ila nijue kwanza ni mikono gani ninayokwenda kujikabidhi, naye atawaandikia. Ndiyo sababu nakusumbua. Wote mnaogopa kwamba nikichelewa nitamkosa mama. Mimi naogopa pia kwamba nikichagua vibaya, mama ndiye atakayenikosa mimi.

Haya, ile nyingine. Ile ndogo ya nyuma ya ghala la saruji, ambayo umeiandikia kama unafungua kesi. Rangi imebanduka, viti vimeshonwashonwa, feni inalalamika. Kelele tupu: mashine ikilia tu, nesi anaacha alichoshika na kukimbilia mgonjwa. Kuna bibi alikuwa anaona baridi, akavuta shuka afunike mkono, wakamfunua. Wakamletea blanketi la miguu, mkono wakaamuru ubaki nje. Ukaona ni ukatili. Halafu likaja la kwako wewe. Uligusa kiti cha yule bibi ili umpe pole, na nesi mnene akakugeukia mbele za watu: "Mama, mikono hiyo imetoka wapi? Kanawe kwanza, ndipo tusalimiane."

Umeniandikia kwamba tangu uzaliwe hujawahi kudharauliwa namna ile.

Kitindamimba, nilicheka hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni. Nisamehe. Najua uliumia, na najua ulikuwa umevaa vizuri. Lakini huyo aliyekukaripia ndiye ninayemtaka. Mtu anayethubutu kumkaripia mgeni mwenye kucha kama zako kwa ajili ya bibi asiyemhusu, huyo hata mimi atanilinda nikiwa nimesinzia.

Na habari ya shuka, ngoja nikufundishe. Mkononi wameniunganishia mshipa ili damu ipite kwa nguvu, na wakati wa kusafishwa wanachoma sindano mbili nene. Moja ikichomoka chini ya shuka, damu inamwagika kimya kimya, na mwenyewe amelala. Hapa kwetu nesi mkuu, tunayemwita Mama Mizani, hutufunua mikono kila anapopita. Mwanzoni nilimnunia, nikidhani ananionea. Siku moja alimfunua mwenzetu, akakuta kiti kizima kimelowa. Yule mwenzetu yuko hai, anauza vitumbua mbele ya shule yetu, na mimi sijanuna tena.

Usidhani napasifia kwetu kwa kuwa ni kwetu. Ningekuwa nasahihisha, ningewapa alama za kupita, si za zawadi. Kuna kijana mpya anautafuta mshipa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na mashine zikiharibika tunasubiri kwenye benchi tumevimba. Lakini nikipanda kwenye mizani uzito umezidi, Mama Mizani hakurupuki kunikamua maji kwa mashine. Anauliza kwanza kama ni maji au nimenenepa, anabonyeza miguu yangu kwa kidole, ananitazama macho. Kwangu mimi kliniki nzuri ni hiyo. Televisheni ninayo nyumbani.

Kwa hiyo nakuomba urudi kule nyuma ya ghala mara moja tu. Nenda saa ambayo wagonjwa wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia. Hapo ndipo watu huchoka na kurukaruka kazi. Tazama kama wanakifuta kiti kwa dawa na kukiacha kikauke, au wanabadilisha shuka juu juu tu. Tazama kama glavu zinabadilishwa kutoka mtu hadi mtu. Mkubwa wao usimuulize kitu, atakuimbia. Muulize yule bibi: akirudi nyumbani miguu inamkaza misuli kwa kukamuliwa maji kupita kiasi? Akisema anaumwa, kuna anayemsikiliza? Na kabla ya kumshika mkono, unajua la kufanya.

Ulilalamika pia kwamba pale hawana sofa, kwamba baada ya kunawa walikupa kigoda cha mbao, ukakaa ubavuni mwa mgonjwa hadi kiuno kikauma. Hilo la kigoda nimelisoma na kulirudia. Hapa kwetu wageni hawaruhusiwi kuingia ndani, na kule kwenye ngozi wanakaa nyuma ya kioo. Muulize yule nesi, kwa heshima zako zote, kama bibi kizee anayesahausahau anaweza kukalia kigoda hicho akinawishwa mikono vizuri.

Maana nimemkumbuka mama, mdogo wangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nimezuiwa maji, nakunywa kwa vikombe vidogo kama dawa, na kiu hiyo nimeizoea. Ya mama sijaizoea. Nikisikia mtu anakohoa sebuleni kwa jirani nageuka. Gauni lake aliloliacha siku mlipomchukua silifui. Wewe unachoka naye, najua, unamwogesha, unamtafutia kiatu kilichoko mguuni mwake, na huenda unaponisoma unasema dada anatamani asichokijua. Basi niache nitamani hivyo hivyo. Ningetoa likizo yangu yote nimtafutie hicho kiatu.

Juzi uliponipa niongee naye kwenye simu aliniita "mwalimu." Akaniuliza watoto hawajambo, akanishukuru kwa kupiga, kwa adabu zote anazowapa wageni. Nilimjibu vizuri. Nilipokata simu nililia, na sikukwambia.

Ndipo ikaja barua yako, na mistari yake ya mwisho. Unasema majina yametoka yote, langu na lako na hata la marehemu baba, ila jioni moja ulipokuwa unampaka mafuta mikononi alikushika akauliza, "Yule wa mkono unaoimba, leo amekula?" Ukaniandikia kwamba hukumwelewa, kwamba siku hizi anaongea mambo ya ajabu.

Si ya ajabu, Kitindamimba. Ni mimi. Wewe ulikuwa umeshaolewa mbali. Mshipa ulipokuwa mpya, mama alikuja kuniuguza. Damu inapopita pale inavuma, ukiweka sikio unaisikia. Nilikuwa nauchukia mkono ule, nauficha kwenye mtandio. Mama aliuvuta, akalaza sikio lake juu yake kama anayesikiliza ukutani. Kisha akasema, "Kumbe unaimba," akaanza kuufuatisha kwa sauti ya chini. Kila jioni akawa anausikiliza kabla ya kuniandalia chakula.

Kwa hiyo jibu lake ni hili: mwambie amekula. Mwambie mkono unaimba bado, na unakuja.

Nisalimie shemeji, mwambie safari hii sitamsahihisha Kiswahili chake mbele ya wageni. Wasalimie wanangu wote, mkubwa apunguze simu, mdogo aongeze kula. Msalimie mama mkwe wako na binti wa saluni anayekushikia mkasi unapozunguka kwa ajili yangu. Mungu akulipe kwa kila maji unayomchotea mama, akupe mgongo usiochoka na moyo usiokinai.

Daktari nimeshamwomba awaandikie wa nyuma ya ghala. Wewe nenda ukatazame, kisha nipigie simu uniambie neno moja tu: wanafuta. Nikilisikia hilo, nafunga sanduku, na kifungua mimba atanuna akiwa stendi. Wala usihangaike kumkumbusha mama jina langu kabla sijafika. Akinisahau uso, nitamwekea mkono sikioni.

Wako akupendaye hata anapokusahihisha,

Dada yako mkubwa