Kioo ya Mama na moto ya jua

Ijumaa

Hii sijaambia mutu: kioo ya Mama, ile wateja wake wanaangaliaka misuko ya nywele, ni mimi niliipasua.

Mwalimu wa fizike alisema darubini ya kuchunguza jua iko juu sana, inje ya dunia, kwenye hakuna hewa ya kuipoza, kwa hiyo kioo yake inatoa moto ya jua kwa mugongo, upande wa giza. Basi mimi, enjenia mukubwa wa hapa Kasongo, nikapaka mugongo ya kioo masizi ya sufuria ili nayo ikuwe na giza, nikaianika kwa jua. Ikachoma vidole. Nikaogopa, nikaimwangia maji ya baridi ya mutungi. Paa! Kule juu hakuna maji, labda ndiyo sababu vioo vyao ni vizima.

Mama akamushika mudogo wangu. "We Asha, ni wewe tu unachezaka na kioo! Leo hauli!" Asha akalia. Mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Kwa mudomo sitaweza kumuambia Mama. Nasikia miguu ya Mama inakuja mulangoni. Daftari hii nafichaka chini ya mukeka. Leo naiacha wazi.