Magunia Uliyoniachia, Mzee Kilonzo

Mzee Kilonzo,

Leo sikusalimu. Ukikasirika huko uliko, kasirika.

Ni Mwende, yule uliyemtoa kwenye ufagio ukamfundisha kusimamia ghala. Miezi minne imepita tangu tukuzike kwako Kalama. Siku ile mimi ndiye niliyesimama kwa niaba ya wafanyakazi, nikauambia umati wote kwamba hakuna gunia lililowahi kupotea mikononi mwako. Watu wakaitikia amina. Mama Ndinda, mke wako, alinishika mkono mpaka ukafa ganzi.

Sasa sikia. Wiki iliyopita shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na malori mawili yalikuwa nje yakisubiri mahindi ya shule. Nikawaambia vibarua wavunje lile rundo la nyuma, ulilotukataza kuligusa ukisema ni akiba ya ukame. Kwenye kadi ya hesabu ni magunia mia tatu na sitini. Kwa macho pia ni hivyo: kumi na mawili kwa urefu, sita kwa upana, matano kwenda juu. Walipoondoa safu ya juu, kibarua mmoja akaniita nije nione. Ndani mlikuwa na paleti kuukuu zimesimamishwa wima, juu yake mbao, na mbao ndizo zilizobeba ile safu ya juu. Pengo la magunia tisini na sita. Niliketi hapo hapo kwenye makapi, mbele ya vibarua, nikalia kama mtoto.

Nami ni mjinga, sikatai. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mahindi yaliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka, na miaka miwili mizima sikujiuliza kwa nini hayo ya nyuma hayatoki. Ulinifundisha kutia mkono ndani ya gunia hadi kiwiko nisikie kama kuna joto. Ulinifundisha kung'ata punje. Saa saba tulikuwa tukila muthokoi wa Mama Ndinda, yale mahindi yaliyokobolewa, kutoka bakuli moja, ukinitania kwamba nakula kama kuli na kubeba kama bibi harusi. Nilikupenda, Mzee. Ndiyo maana inauma hivi.

Lakini siyo wizi unaoninyima usingizi. Ni ile siku ya makabidhiano ya ghala. Ulikuja na mkongojo, koti linakuning'inia. Nilitaka tushushe kila rundo, tuhesabu gunia kwa gunia, kama ulivyonizoeza mwenyewe. Ukaketi kwenye kiti cha plastiki, ukanitazama, ukasema, "Mwiitu wakwa, binti yangu, hata mimi utanihesabu?"

Niliona haya. Kwetu mtu hamkagui mzee aliyemlea, tena mgonjwa. Nikazunguka marundo kwa nje tu, nikazidisha urefu kwa upana kwa kimo, nikatia sahihi. Ukanishukuru. Ulijua kilichomo ndani, na bado ukanishukuru.

Dereva aliyekuwa akikupakilia amenieleza. Magunia yalikwenda sokoni Ekalakala, machache machache, tangu ulipoanza kuugua. Kama yalikuwa ya matibabu, kwa nini hukusema? Tungechanga. Ukambani nzima hakuna mgonjwa asiyefanyiwa harambee, na wewe watu wangekuja mpaka wakose pa kukaa. Ulichagua kuniuza mimi kuliko kuomba.

Mkubwa wetu hana maneno mengi. Amesema sahihi ni yangu, kwa hivyo pengo ni langu, na Jumatatu nieleze au polisi waelezwe. Dereva naye hataki kufungua kinywa mbele ya mkubwa mpaka mimi nikutaje kwanza. Mama yangu ananisihi ninyamaze, ati marehemu hasemwi vibaya. Nimemuuliza kama aliye hai anaruhusiwa kufungwa.

Jana Mama Ndinda alinipigia simu. Hana habari. Aliniuliza kama nakula vizuri, akasema, "Mzee alikuwa anakuamini wewe kuliko watoto wake." Nilimwambia asante, mama, nikakata simu.

Unaona ulichonifanyia? Nikinyamaza, jina langu linakwisha nikiwa na miaka thelathini na moja. Nikisema, mjane wako hataweza kuketi kanisani bila watu kugeuka. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Haipo, wewe ndiye uliyeiziba.

Basi pumzika, Mzee, kama unaweza. Sikulaani. Nilidhani ningeweza, lakini mdomo umekataa. Ninakuahidi jambo moja tu. Kesho ni Jumapili. Baada ya ibada nitapanda Kalama, nitaketi jikoni kwa Mama Ndinda na kumwambia yote mimi mwenyewe, asije akayasikia sokoni. Atanichukia, na nitamwacha anichukie. Halafu Jumatatu asubuhi nitasimama mbele ya mkubwa na nitalitaja jina lako.

Mwende