Baba Anataka Kupandisha Tangi Juu ya Chumba cha Mama Rukiah

Senga Babra mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na ninaomba unisikilize mpaka mwisho. Najua wewe ni shangazi wa wote gazetini na wengi hukuandikia kuhusu wachumba, lakini mimi bado niko shule na sina mchumba, nina baba, naye ndiye shida yangu ingawa nampenda sana. Tafadhali usitaje majina yetu, kwa sababu gazeti lako hufika mpaka huku Namuwongo, na mpangaji wetu Mama Rukiah, anayeuza chapati mlangoni kwake, hufungia chapati zake humo, na baba hula mbili kila asubuhi huku akisoma ile karatasi mpaka pale mafuta yanapofuta maandishi.

Baba anauza matairi, na kanisani ni mwalimu wa kwaya. Pia ana vyumba vichache vya kupangisha karibu na reli, vile vya mlango mmoja mmoja tunavyoviita mizigo, na tangu aliponunua nyundo yake mwenyewe alisema hakuna fundi atakayekanyaga tena uani kwake. Aliigeuza kufuli ya Odera, mpangaji wa chumba cha pili anayefanya kazi supamaketi huko Ntinda, ikawa yeyote apitaye nje anaweza kumfungia Odera ndani lakini Odera mwenyewe hawezi kujifungia. Bomba alilifunga kwa mpira wa tairi, likaacha kudondosha maji, likaanza kuyarusha. Halafu akashughulikia umeme, na alipomaliza, swichi ya taa ya Mama Rukiah ikawa iko chumbani kwa Odera, na kila usiku sisi sote tulisikia kupitia ukutani, "Odera mwanangu, nizimie taa nilale!" na Odera akijibu, "Subiri mama, hata mimi natafuta yangu iko wapi!" Kitu pekee ambacho hakikuharibika ni milango, kwa sababu aliipaka rangi ya buluu na inapendeza kweli.

Basi wapangaji waliniita uani, na Mama Rukiah akaniambia, "Mwanangu, baba yako ni mtu mzuri, ila nikiona ile nyundo moyo wangu unakimbia." Wakasema wanamjua fundi mmoja, Asuman, na wako tayari kuchanga wamlipe wenyewe, mradi baba asijue, kwa sababu hakuna aliyetaka kumuumiza. Kazi yangu ikawa kumchelewesha baba kanisani Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya, mpaka Odera aniletee ujumbe kwamba Asuman ameondoka. Kwa hiyo watu wakianza kukusanya vitabu mimi nanyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, sauti ya pili bado haijakaa vizuri," na tunarudia wimbo wote, na wenzangu wa sauti ya pili wananitazama kama nimewakanyaga vidole.

Baba alipoijaribu ile taa, ikawaka palepale alipobonyeza, akasema, "Mmeona? Waya ulihitaji kupoa tu." Mama Rukiah akasema, "Mashallah, mwenye nyumba, mkono wako una baraka," kisha akaingia ndani kucheka ndani ya leso yake. Tukafanya hivyo hivyo kwa kufuli na kwa bomba. Siku ile ya bomba, tulipokuwa tunarudi nyumbani, baba aliniuliza, "Mwanangu, ulijua kwamba baba yako ni fundi?" Nikasema ndiyo. Akapiga mluzi njia nzima.

Sasa, Senga, amenunua tangi kubwa la maji na mbao. Anataka kulisimamisha juu ya paa la Mama Rukiah kwa mikono yake, Jumamosi hii baada ya mazoezi, na amechagua chumba hicho kwa sababu kiko katikati na anataka maji yagawanywe kwa haki. Mama Rukiah hacheki tena, kwa kuwa analala humo na mjukuu wake. Aliniambia, "Taa niliivumilia. Tangi hapana. Likipanda, mimi nahamia kwa dada yangu Mbuya." Yeye ndiye aliyenilea kila mara mama yangu aliposafiri kwenda kununua bidhaa Busia. Mama nilipomweleza alisema, "Mimi niliolewa na mwanakwaya, hayo ya mabomba simo." Odera yeye anasema, "Waambie hata sauti ya tatu haijakaa, muimbe mpaka Jumapili."

Naandika kwa utaratibu kama tulivyofundishwa, ila mambo yenyewe hayana utaratibu. Je, iko njia ya tangi kubaki chini, Mama Rukiah kubaki kwetu, na baba kuendelea kupiga mluzi?

Ni mimi,
Binti wa Sauti ya Pili, Namuwongo

SENGA BABRA ANAJIBU

Binti yangu,

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama niko salama. Sasa nimenyamaza, na wewe kaa chini.

Bambi, maskini, nakuona ulivyobanwa, na moyo wako ni mzuri. Lakini fundi huyu anayekutisha mmemtengeneza ninyi. Alipokosea mlimpigia makofi, alipokosea tena mkamtajia baraka, na leo mnashangaa kwamba anapanda juu ya paa? Mtu aliyeambiwa kila wiki kwamba anaweza, kwa nini asijaribu tangi? Huyo Mama Rukiah naye, mwambie nimesema, alicheka mapema mno.

Tangi likijaa maji ni zito kuliko kwaya yenu nzima mkiwa mmekaa juu ya bati, na chini yake analala mtoto. Hapo hakuna tena habari ya kumstahi baba. Mluzi wake hauwezi kulindwa kwa kichwa cha mjukuu wa mtu.

Utamwambia. Usiende peke yako: nenda na Mama Rukiah na Odera, maana wao nao walidanganya, na ni watu wazima. Anzeni na taa, kwa sababu hata yeye itamchekesha, halafu kufuli, halafu bomba. Semeni yote kwa mkupuo mmoja. Asiwepo wa kumcheka kabla yeye mwenyewe hajacheka. Atakasirika. Muacheni akasirike, mkae palepale.

Kisha mwambie hivi kutoka kwangu. Mzee, paa, kuta, mabomba na nyaya ni mzigo wa mwenye nyumba. Kumlipa fundi ni kazi yako, na walichochanga wapangaji wako ukipunguze kwenye kodi yao. Mpangaji atengeneze alichokivunja yeye. Andikeni hayo kwenye karatasi moja, pamoja na namna mpangaji atakavyokuarifu kitu kikiharibika bila kuogopa nyundo yako, mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Tangi likae chini, juu ya msingi imara, aujenge Asuman mchana kweupe na wewe ukiwa umesimama hapo unatazama.

Na wewe binti, ile nyundo mpe Odera aifiche. Brashi ya rangi usimnyang'anye baba! Umeniandikia kwa mkono wako kwamba milango ya buluu inapendeza. Hiyo ni sifa ya kweli, na ajabu ni kwamba kati ya sifa zote mlizommwagia, hiyo ndiyo hamkumpa. Mpe, kwa sauti, mbele ya wapangaji. Mluzi utarudi.

Mwisho, ukawaombe radhi wenzako wa sauti ya pili. Hawakuwa na kosa lolote.

Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba. Lakini taa ya mama mmoja inayozimwa chumbani kwa jirani sikuweza kuibadilisha, wala bomba lenye mpira wa tairi, wala mwalimu wa kwaya mwenye nyundo, na sidhani Namuwongo mnao wawili. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi litakuwa limefunga chapati mbili, na mzee atajitambua kabla hajamaliza ya kwanza.

Kwa hiyo una jioni ya leo. Na usithubutu kumwomba Mama Rukiah afungie karatasi nyingine.